Ufa uko nyuma, lakini anza na foki

SWALI

Habari za kazi, fundi. Mwaka jana nilinunua baiskeli ya mbio ya kaboni, mtumba, kwa Sh1,400,000 kutoka kwa muuzaji wa Dar es Salaam. Fremu haina jina la kampuni, aliniambia ni ya Kichina. Vifaa ni Shimano 105 ya gia 11, breki ni zile za kubana ringi. Wiki tatu zilizopita nilikuwa natoka Usa River kurudi Arusha mjini, bodaboda ikakatiza mbele yangu. Gurudumu la mbele liliigonga ubavuni, nikaangukia upande wa kulia, upande wa cheni. Mimi nilichubuka tu. Kofia ilipasuka.

Ringi ya mbele imepinda. Lile bomba jembamba linaloshuka kutoka kwenye siti hadi ekseli ya nyuma, la kulia, lina ufa wa kama sentimita 4, na nikilibonyeza kwa kidole gumba linalia. Bomba la juu limebanduka rangi pale usukani ulipolipiga. Kipande kinachoshika kibadili gia cha nyuma kimepinda kuelekea ndani. Foki, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, naiona nzima kabisa.

Kuna fundi anayetengeneza bampa za magari kwa faibaglasi, anataka Sh60,000 azungushie ufa huo. Rafiki yangu ananiambia niachane nayo, niagize China fremu mpya pamoja na foki kwa kama Sh900,000. Mwingine ana baiskeli yake ya kaboni anaiuza. Nishike lipi?

Msomaji, Arusha

JIBU

Pole sana kwa ajali, ndugu yangu. Kofia hiyo usiivae tena. Povu la ndani likishabonyea halirudi, na pigo la pili litafika kichwani kwa nguvu zaidi.

Wewe umeanza na ufa kwa sababu ndio unaoonekana. Mimi naanza na foki kwa sababu ya namna ulivyogonga. Nguvu iliyopinda ringi ilipanda kwenye foki kabla ya kufika kwingine kokote. Bomba la nyuma likiachia barabarani, baiskeli inayumba, gurudumu linaanza kusugua, na mara nyingi unapata nafasi ya kusimama. Foki ikikatika hupati nafasi yoyote. Usukani unabaki mkononi na uso unatangulia kwenye lami.

Kaboni haikuonyeshi maumivu yake kama chuma. Chuma hupinda ukaona. Kaboni ni matabaka ya nyuzi yaliyogandishwa kwa epoksi, aina ya gundi ngumu, na pigo linaweza kuyaachanisha ndani kwa ndani huku rangi ya nje iking'aa. Kwa hiyo maneno "naiona nzima" hayatoshi mpaka foki itoke kwenye fremu.

Fungua breki ya mbele, fungua kifuniko cha juu ya stemu (kile kipande kinachoshika usukani), legeza stemu uitoe, vuta foki chini itoke yote. Ndani ya shina lake, yaani lile bomba linalopita kwenye kichwa cha fremu, kuna plagi ya kukazia. Itoe nayo. Safisha kila mahali kwa spiriti. Kisha paka spiriti tena na utazame inavyokauka ukiwa na tochi. Sehemu nzima hukauka kwa pamoja, lakini penye ufa spiriti hubaki ndani na unaona mstari mweusi mwembamba unaochelewa sekunde kadhaa. Angalia zaidi chini kabisa ya shina, pale linapokaa beringi ya chini, kisha pale stemu ilipokuwa imebana, kisha upande wa mbele wa miguu ya foki, sentimita chache chini ya maungio. Gurudumu likisukumwa nyuma, upande wa mbele ndio unaovutwa. Pitisha pamba kavu taratibu juu ya miguu yote miwili, nyuzi iliyokatika itaing'ang'ania. Mwisho chukua sarafu, gonga kidogo kidogo kutoka juu hadi chini, ukilinganisha mguu wa kushoto na wa kulia mahali palepale. Usilinganishe juu na chini, maana unene unabadilika na mlio hubadilika nao. Kaboni nzima hutoa mlio mkavu wa "ti, ti". Palipoachana mlio unazama, kama umegonga kadibodi.

Ukikuta dosari hata moja, foki imekwisha. Lakini hata isipoonekana dosari, kwa ajali iliyopinda ringi, ningeibadilisha tu. Pale kwenye maungio ya shina na miguu kaboni ni nene, na wala sarafu wala spiriti haviwezi kukuambia kilichomo katikati. Na asikudanganye mtu kwamba foki inazibwa kiraka. Foki, usukani, stemu na bomba la siti (lile linalochomoka pamoja na siti) haviungwi, vinabadilishwa.

Ukiwa umeitoa foki, pindua fremu utazame upande wa chini wa bomba la juu na la bomba kubwa la chini, ndani ya sentimita 10 kutoka kichwa cha fremu. Pigo la mbele hukisukuma kichwa nyuma, na mabomba hayo hujikunja papo hapo. Tafuta mikunjo midogo ya rangi inayokata bomba kwa upana, na ugonge sarafu hapo pia. Fanya hivyohivyo pale usukani ulipopiga bomba la juu. Rangi ikiwa imebanduka lakini chini yake uso wa kaboni ni nyororo na mlio ni mkavu, ni doa tu la kufunika. Kukiwa na mkunjo nyuma ya kichwa, usihangaike na kiraka chochote. Chukua ushauri wa rafiki yako, agiza fremu na foki kwa pamoja, na uulize ushuru kabla ya kulipa ili hiyo Sh900,000 isikushtukize bandarini.

Kichwa kikiwa kizima, fremu yako inafaa kutengenezwa. Ufa kwenye bomba la nyuma ni katika matengenezo ya kaboni yanayokubali vizuri, kwa sababu bomba ni jembamba, la mviringo, na unalifikia pande zote. Ila si kwa njia ya fundi wa bampa. Anatumia rezini ya poliesta, ambayo haishiki vizuri juu ya epoksi iliyokwisha kukauka, na husinyaa inapoganda. Nyuzi za glasi nazo zina ukakamavu wa karibu theluthi moja tu ya nyuzi za kaboni. Maana yake bomba likielemewa, kaboni iliyopasuka itaendelea kubeba mzigo kabla glasi haijaanza kusaidia, na ufa utatembea chini ya kiraka bila wewe kuuona. Mikono yake inaweza kuwa mizuri sana. Mpelekee vifaa sahihi na umwonyeshe hatua hizi, au uzifanye mwenyewe.

Vifaa: kitambaa cha kaboni cha gramu 200 kwa mita ya mraba, kile kilichofumwa, na kama unakipata, kile cha nyuzi zinazoelekea upande mmoja. Robo ya mita ya mraba inatosha na kubaki. Epoksi ya kulaza matabaka, si ile gundi nzito ya mirija miwili. Msasa namba 80, 120, 240 na 400. Kitambaa cha nailoni cha kubandua, utepe wa umeme, glavu za nitrili, na barakoa ya FFP2 au N95. Vumbi la kaboni ni nyuzi ndogo zinazochoma ngozi na hazifai kabisa mapafuni. Sugua nje, kwa msasa uliolowa maji, na usimruhusu mtu kuweka grinda.

Rangi itoke kwa msasa tu. Dawa ya kubabua rangi ya magari hula epoksi ya fremu yenyewe. Sugua namba 120 mpaka uone kaboni, ukifuata ufa mpaka uone ncha zake zote mbili, maana chini ya rangi huwa mrefu kuliko ulivyouona. Nyuzi zilizolegea zikate. Kisha endelea sentimita 5 kupita kila ncha, ukipunguza kaboni kwa mteremko mrefu: katikati ya ufa umekaribia kumaliza unene wa bomba, mwisho wa sentimita 5 hujagusa kitu ila rangi. Mabomba haya huwa na unene wa milimita 1 na kidogo, kwa hiyo mteremko ni kama 1 kwa 40. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Fundi mwenye haraka husugua sentimita 1 kila upande, anazungushia kitambaa kinene, na pale kiraka kinapoishia ghafla ndipo bomba linapopasuka upya, kwa sababu mzigo wote hukusanyika kwenye ukingo huo.

Kabla ya kulaza kitu, funga gurudumu la nyuma kwenye fremu, bora la zamani, ulikaze kama la kuendeshea. Fremu yako ya breki za ringi inatakiwa iwe na milimita 130 kati ya pande mbili zinazoshika ekseli, na gurudumu likae katikati. Epoksi ikiganda bomba likiwa limeachama milimita 3, limeachama moja kwa moja.

Kata matabaka 6. La kwanza lizidi ufa kidogo kila upande, na kila linalofuata liwe refu kwa kama sentimita 2, mpaka la mwisho lifikie mwisho wa mteremko. Matatu ya chini nyuzi zifuate urefu wa bomba. Ya juu uyakate ili nyuzi zikae mshazari, kwa pembe ya digrii 45, maana bomba la nyuma pia husokotwa unapokanyaga pedeli. Futa kwa asetoni, acha ikauke, na kuanzia hapo usiguse kwa mkono mtupu.

Kiasi cha epoksi ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Matabaka yote 6 hayazidi gramu 10 za kitambaa, na epoksi inayotakiwa ni uzito uleule. Changanya gramu 30 kufidia itakayobaki kwenye brashi na kikombe. Kama kopo linasema 100 kwa 30 kwa uzito, ni gramu 23 za rezini na gramu 7 za kigumishi. Hapo mizani ya jikoni haifai: ikikosea gramu 1 kwenye zile 7 umeharibu mchanganyiko, na epoksi iliyokosewa hubaki kama mpira milele, haikomai hata ukiisubiri mwezi. Tafuta mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Arusha si shida, wauza vito wote wanayo. Na kuongeza kigumishi ili "ikauke haraka" ni kosa lilelile.

Paka epoksi nyembamba kwenye bomba, laza tabaka la kwanza, ligonge kwa brashi mpaka liwe jeusi lote bila doa la kijivu kavu, kisha la pili, mpaka mwisho. Funika kwa kitambaa cha nailoni. Halafu zungushia utepe wa umeme, upande wa gundi ukitazama nje, ukiuvuta kwa nguvu na kuanzia upande mmoja kwenda mwingine. Toboa vitundu vingi kwa pini. Utaona epoksi ya ziada inatoka kama matone ya asali kwenye kila kitundu. Hiyo ndiyo unayoitaka itoke, kwa sababu epoksi nyingi kati ya nyuzi ni uzito usio na nguvu.

Iache saa 24 kwenye joto la nyuzi 25. Kama unafanya Juni au Julai, usiku wa Arusha ni baridi mno kwa kazi hii. Tengeneza boksi la kadibodi lenye balbu ya zamani ya kutoa joto, mbali na kadibodi na mbali na fremu, na kipimajoto ndani. Ikishaganda, bandua utepe na nailoni, kisha pandisha joto taratibu hadi kiasi alichoandika mtengenezaji wa epoksi, mara nyingi kati ya nyuzi 50 na 60, kwa saa 6 hadi 8. Usiiruke hatua hii. Epoksi iliyoganda kwa joto la chumba pekee huanza kulainika joto likipanda, na baiskeli iliyofungiwa kwenye gari juani huko Same hufika huko bila shida.

Osha kwa maji, sugua namba 240 na 400 bila kukata tabaka la juu, kisha pulizia klia ya magari, ile vanishi angavu, ya kuchanganya na kigumishi. Si urembo tu, jua huila epoksi isiyofunikwa. Rangi nzito usiweke juu ya kiraka. Unataka uendelee kukiona.

Foki mpya uitafute kwa vipimo. Pima shina la juu na la chini. Fremu nyingi za aina yako ni inchi 1⅛ juu na 1½ chini, lakini pima kwa venia, kile kipimo cha kubana, usikisie. Kutoka ekseli hadi sehemu beringi ya chini inapokaa iwe karibu sana na ya zamani, kwa kawaida karibu milimita 370, na mkunjo wa mbele, yaani ekseli inavyotangulia mstari wa shina, wa milimita 43 hadi 45. Hakikisha ina tundu la breki ya ringi. Foki ya diski haitakufaa. Kwa bajeti yako chukua yenye miguu ya kaboni na shina la alumini. Uzito unaongezeka kidogo, ila shina hilo linavumilia mkono mzito kwenye stemu. Ukipata ya shina la kaboni, plagi yake ikae pale stemu inapobana, na ile nati ya nyota inayogongwa kwa nyundo isiingie humo kamwe. Inachana nyuzi kwa ndani.

Vingine vya ajali: ringi ya mbele usiirudishe kwa spoki kama imepinda kiasi cha kuonekana kwa jicho. Utaipata imenyooka lakini spoki za upande mmoja zimekaza na za upande wa pili zimelegea, na itarudi kwenye tuta la kwanza. Usukani wa alumini utoe kwenye stemu, uuweke mezani uone kama pande mbili zinalingana. Umepinda, tupa. Kile kipande kinachoshika kibadili gia nunua kipya cha umbo lilelile, upeleke cha zamani dukani kulinganisha tundu kwa tundu, kwa sababu viko vya aina nyingi mno. Usiendeshe na kilichopinda. Ukiweka gia kubwa ya nyuma, kibadili gia kinaingia kwenye spoki, gurudumu linakivuta, na kitu cha kwanza kinachopigwa ni bomba lilelile ulilotengeneza.

Wakati wa kufunga, azima au nunua spana ya kupimia ukazaji. Boliti za stemu kwenye shina ni 5 Nm (nyutoni-mita, namba unayoisoma kwenye spana hiyo), zikikazwa kwa zamu kidogo kidogo, na kama stemu imeandikwa namba nyingine fuata hiyo. Kibano cha bomba la siti ni 5 Nm. Kama bomba la siti ni la kaboni, paka lile grisi maalumu lenye chembechembe, si grisi ya kawaida, la sivyo litateleza na utaishia kulikaza mpaka lipasuke. Boliti mbili za krenki ya Shimano ni 12 hadi 14 Nm, na kifuniko cha plastiki cha pembeni kazi yake ni kuondoa mchezo tu, kaza kwa vidole. Kama umefungua vikombe vya beringi za krenki na ni vya uzi wa Kiingereza, cha upande wa cheni hufunguka kwa kuzungusha kinyume cha kawaida. Wengi wameharibu uzi wa fremu hapo. Pedeli 35 Nm.

Kuhusu baiskeli ya rafiki wa pili, usitoe hela kabla ya kuvuta bomba la siti likatoka mbele ya macho yako. La alumini likikaa kwenye fremu ya kaboni na jasho kwa miaka, hugandamana, na kulitoa ni kuiua fremu. Tazama breki za mkononi, pembe za siti na mwisho wa pedeli. Mikwaruzo ya upande mmoja ikiambatana na utepe mpya wa usukani ina maana baiskeli imeanguka, hivyo foki ichomolewe kama nilivyoeleza. Stika mpya au rangi mpya mahali pamoja kwenye fremu ya zamani, papimwe kwa sarafu. Angalia na urefu wa shina, maana likishakatwa kwa mtu mfupi halirudi. Muuzaji akikataa kufungua, achana nayo hata kama bei ni tamu. Na fremu yenye jina kubwa kwa bei ya fremu isiyo na jina, iogope kuliko isiyo na jina.

Kwa hesabu zako, kichwa cha fremu kikiwa kizima: tengeneza bomba kwa epoksi na kaboni, nunua foki mpya, ringi na kile kipande cha kibadili gia. Hapo unalipia ajali unayoijua. Ukinunua mtumba mwingine unalipia ajali za mtu mwingine, na huzijui.

Ukimaliza, chora mstari mwembamba wa kalamu pembezoni mwa kiraka. Zungukia karibu na nyumbani kilomita 20 bila mteremko mkali, rudi, kagua ukazaji wote upya. Baada ya hapo kila wiki safisha kiraka na ukigonge kwa sarafu. Klia ikipasuka kando ya mstari huo, au bomba likianza tena kulia, shuka hapohapo.

Na ile foki ya zamani usiiweke uvunguni wala usimpe fundi. Ikate kwa msumeno vipande viwili, kwenye shina. Ikibaki nzima, itapakwa rangi na kuuzwa kwa kijana mwingine.